Namna ya Kuchunguza na Kuandika Kuhusu Kuzaliwa kwa Utaifa wa Marekani, 1776–1830

Wengi wanaoandika kuhusu utaifa wa Marekani huanza na tarehe 4 Julai 1776, wakaeleza jinsi wajumbe walivyokutana Philadelphia na kutangaza uhuru, kisha wakaendelea kana kwamba kuanzia asubuhi iliyofuata palikuwa na watu waitwao Wamarekani, wenye moyo mmoja na nia moja. Mwanzo wa namna hiyo huipotosha insha kabla haijafika ukurasa wa pili, kwa sababu unachukulia kuwa kimekwisha kuwapo kile ambacho mwandishi alipaswa kueleza kimetoka wapi. John Adams, aliyekuwa mmoja wa wajumbe wale, aliandika mwaka 1818 kwamba kuyaunganisha makoloni kulikuwa sawa na kuzifanya saa 13 zigonge kwa wakati mmoja. Mfano huo unafaa kukumbukwa muda wote wa kazi hii, maana saa 13 zikigonga pamoja bado ni saa 13.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, mwalimu au msomaji yeyote anayetaka kuzichunguza nyaraka za miaka ile mwenyewe na kuandika jambo lenye uzito kutokana nazo. Msimamo wangu niuseme mapema: dola ya Marekani ilitangulia na taifa likafuata, na taifa hilo lilijengwa zaidi na ugomvi kuliko mapatano, yaani na watu waliobishana kwa miaka mingi kuhusu nani ana haki ya kusema kwa jina la wote. Asiyekubaliana nami bado atazihitaji hatua zilezile ili anipinge vizuri.

Anza na maneno kabla ya mashujaa

Hatua ya kwanza ni kutenganisha maneno matatu ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa: dola, nchi na taifa. Dola ni mamlaka yenye sheria, kodi na jeshi. Taifa ni hali ya watu kujihesabu kuwa wamoja na watu wengine wasiowajua wala hawatawaona maishani. Nchi inaweza kuwa chochote kati ya hivyo viwili, kutegemea ni nani anayesema. Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa Azimio la Uhuru la 1776, alipoandika "nchi yangu" katika miaka hiyo, mara nyingi alikusudia jimbo lake la Virginia. Makubaliano ya Shirikisho, yaliyoanza kufanya kazi tarehe 1 Machi 1781, yaliuita muungano ule mapatano ya urafiki, na yakaliachia kila jimbo mamlaka na uhuru wake. Mkataba wa amani na Uingereza wa mwaka 1783 uliyataja majimbo yote 13 moja baada ya jingine, kutoka New Hampshire hadi Georgia.

Hapa anayeandika kwa Kiswahili ana mtego wake wa peke yake. Sisi husema "Marekani ilifanya" na "Marekani imesema", na kiambishi kile cha umoja huamua kimyakimya swali ambalo watu wa wakati ule walilipigania kwa nusu karne na zaidi. Katika Kiingereza chao jina la muungano lilichukua wingi. Katiba iliyoandikwa mwaka 1787, inapofafanua kosa la uhaini katika Ibara ya 3, inasema ni kupiga vita dhidi yao, wala si dhidi yake, na hata Rekebisho la 13 la mwaka 1865 bado linazungumzia mamlaka yao. Kwa hiyo napendekeza kwamba katika daftari la maandalizi, kila unapotaka kuandika "Marekani" kwa miaka ya kabla ya 1815, uandike kwanza "majimbo ya muungano", kisha ujiulize kama sentensi bado inasimama. Mara nyingine itasimama. Ikianguka, umepata jambo la kuchunguza.

Utangulizi wa Katiba nao una funzo lake. Rasimu ya Agosti 1787 ilianza kwa kusema sisi watu wa majimbo ya New Hampshire, Massachusetts, na kuendelea na orodha hadi Georgia. Mwezi uliofuata kamati ya kunyoosha lugha, ambamo Gouverneur Morris ndiye hasa aliyeshika kalamu, iliifuta orodha ile na kuweka maneno yanayokaririwa hadi leo, ya sisi watu wa muungano. Msomaji wa haraka huona hapo taifa likizaliwa kwa mstari mmoja. Msomaji mwangalifu atakumbuka kwamba Katiba ingeanza kufanya kazi baada ya majimbo tisa kuiidhinisha, na kwamba hakuna aliyejua yatakuwa yapi, hivyo kuyataja yote 13 kwa majina kungekuwa kuahidi kisichojulikana. Rhode Island, ambayo haikupeleka hata mjumbe mmoja kwenye mkutano wa Philadelphia ulioiandika Katiba, iliidhinisha tarehe 29 Mei 1790, zaidi ya mwaka mmoja baada ya George Washington kula kiapo cha urais.

Ukitaka mfano mmoja wa kukaa nao kwa muda mrefu, mchukue Patrick Henry wa Virginia. Mnamo Septemba 1774, kwa mujibu wa maandishi ya John Adams, alisimama mbele ya wajumbe wa makoloni akasema kwamba tofauti kati ya watu wa Virginia, Pennsylvania, New York na New England zimekwisha, na kwamba yeye si mtu wa Virginia bali ni Mwamerika. Juni 1788, katika mkutano wa Virginia wa kujadili Katiba, mtu huyohuyo aliuliza ni nani aliyewapa waandishi wa Katiba idhini ya kusema "sisi watu" badala ya "sisi majimbo". Insha nyingi humwita kigeugeu na kupita. Swali lenye faida zaidi ni hili: neno "Mwamerika" lilikuwa likifanya kazi gani mwaka 1774, na "watu" lilikuwa likitishia kufanya nini mwaka 1788? Mara ya kwanza Henry alitaka makoloni yakae upande mmoja dhidi ya Bunge la Uingereza, na hoja yake ilitolewa katika mjadala kuhusu kura zihesabiwe vipi, jambo ambalo koloni kubwa kama Virginia lilikuwa na maslahi nalo. Mara ya pili aliona mamlaka mpya ya kati ikilimeza jimbo lake. Jina la taifa lilikuwa chombo, na chombo hutazamwa kwa kazi iliyofanywa nacho siku ile.

Isome sherehe kama unavyosoma waraka

Watu wa kawaida hawakuacha hotuba wala barua nyingi, lakini waliandamana, wakapiga kengele, wakawasha mioto na kunyanyua bilauri, na magazeti yakayaandika hayo kwa urefu. Ndiyo maana hatua ya pili ni kuzisoma sherehe, na mahali pazuri pa kuanzia ni maandamano ya Philadelphia ya tarehe 4 Julai 1788.

Siku ile maelfu ya watu walipita mitaani wakishangilia Katiba. Palikuwa na gari lililobeba jengo lenye nguzo 13, kumi zikiwa zimekamilika na tatu zikiachwa bila kumalizwa, kwa kuwa majimbo kumi ndiyo yaliyokuwa yamekwisha kuidhinisha. Palikuwa na meli ya maonyesho iliyokokotwa barabarani, ikiitwa Union, yaani Muungano, na sehemu yake ya chini ilikuwa mashua iliyotoka katika Serapis, manowari ya Waingereza iliyotekwa na John Paul Jones mwaka 1779. Mafundi walipita kwa makundi ya kazi zao: wahunzi walifua chuma juu ya gari likitembea, na wachapaji walikuja na mtambo wao wakichapa shairi na kuwagawia watazamaji papo hapo. Daktari Benjamin Rush, aliyekuwapo, aliandika jinsi rabi wa Kiyahudi alivyotembea akiwa ameshikana mikono na wachungaji wa Kikristo.

Anayesoma maelezo hayo atavutiwa kuandika kwamba watu wote walikuwa kitu kimoja. Asubiri kwanza. Maelezo marefu tuliyo nayo yaliandikwa na Francis Hopkinson, ambaye ndiye aliyeyapanga maandamano yenyewe, na Hopkinson alikuwa mtetezi wa Katiba katika mwaka ambao Katiba ilikuwa bado inapiganiwa. Msemaji mkuu wa siku ile alikuwa James Wilson, mmoja wa walioiandika Katiba. Miezi sita tu kabla, katika mji wa Carlisle ulioko magharibi zaidi katika jimbo hilohilo la Pennsylvania, wapinzani wa Katiba waliivamia sherehe ya watetezi wake, na kesho yake wakachoma kisanamu cha James Wilson huyohuyo. Na siku ileile ya 4 Julai 1788, huko Albany katika jimbo la New York, wapinzani walichoma nakala ya Katiba na pande mbili zikapigana mitaani. Nguzo tatu ambazo hazijakamilika zilikuwa ujumbe kwa majimbo yaliyobaki, na pia shinikizo kidogo. Maandamano yalionyesha umoja uliokuwa unatakiwa, na waandaaji walijua kuwa kuuonyesha hadharani ni njia mojawapo ya kuuleta.

Katika miaka ya 1790 siku hiyohiyo ya Julai iligawanyika. Wafederali, waliomfuata Washington na Alexander Hamilton, walisherehekea mahali pao, na Warepublikan wa Jefferson pao, mara nyingi katika mji mmoja. Warepublikan ndio waliopenda zaidi kulisoma Azimio la Uhuru kwa sauti, kwa kuwa lilikuwa limeandikwa na kiongozi wao na lilikuwa na maneno makali dhidi ya mfalme wa Uingereza, nchi ambayo Wafederali walitaka kuelewana nayo. Kwa maneno mengine, waraka tunaouona leo kuwa mali ya wote ulipata sehemu ya umaarufu wake ukiwa silaha ya chama.

Karamu za siku hiyo zilifuatwa na desturi ya kunyanyua bilauri kwa heshima ya mtu au jambo fulani, kwa kawaida mara 13, na magazeti yalichapisha orodha nzima. Orodha hizo ni hazina, na zinasomwa hivi. Tazama kwanza mpangilio: aliyetajwa wa pili na aliyetajwa wa tisa hawana hadhi sawa. Kisha tazama kilichoachwa, maana karamu iliyomruka rais aliye madarakani imesema jambo zito bila kulisema. Mwisho, weka mezani orodha mbili za siku moja kutoka kwa vyama viwili na uzilinganishe mstari kwa mstari. Utaona kwamba wote wanakunywa kwa afya ya muungano, kila upande ukiamini kwamba upande wa pili ndio unaouvunja. Huo ndio ugomvi niliousema hapo mwanzo, na ndio uliowazoesha watu kulitumia jina la taifa kila mwaka.

Fuata njia ambazo habari zilipita

Bilauri iliyonyanyuliwa katika kijiji cha Vermont ingebaki huko kama gazeti lisingeibeba. Sheria ya Posta ya mwaka 1792 iliweka gharama ya kupeleka gazeti kuwa senti 1 kwa safari isiyozidi maili 100 na senti 1 na nusu kwa umbali zaidi, wakati barua ya ukurasa mmoja ililipiwa kati ya senti 6 na senti 25. Zaidi ya hayo, wahariri waliruhusiwa kupelekeana magazeti yao bure, wakanakiliana bila haya. Ofisi za posta zilikuwa 75 mwaka 1790, zikafika 903 mwaka 1800 na 8,450 mwaka 1830. Mwandishi asiyeyagusa haya atalazimika kueleza mshikamano wa watu kwa kutumia hisia peke yake, na hisia hazisafiri bila farasi na mikoba ya posta.

Katika njia hizohizo vilipita pia vitabu vya shule. Noah Webster wa Connecticut alitoa kitabu chake cha tahajia mwaka 1783, akabishana waziwazi kwamba nchi huru haifai kuendelea kutegemea lugha ya ikulu ya mfalme wa Uingereza, na mwaka 1828 akakamilisha kamusi yenye maneno takribani 70,000. Ushauri wangu ni kutomkuza kupita kiasi. Vitabu vyake viliuzwa sana kwa sababu vilifundisha watoto kusoma, na wazazi wengi walionunua hawakuwa wakipigania tahajia ya Kimarekani.

Alama nyingine zinastahili kupitiwa kwa haraka, isipokuwa kama ndizo mada yako. Washington alivaa suti ya kitambaa kilichofumwa Hartford siku ya kiapo chake, ili waagizaji wa vitambaa vya Uingereza waone. Mwaka 1792 Seneti ilitaka sura ya rais iwekwe kwenye sarafu, na Baraza la Wawakilishi likakataa kwa kuwa huo ulikuwa mtindo wa wafalme, hivyo ikawekwa sura ya mwanamke anayewakilisha Uhuru.

Tafuta waliowekwa nje, na uwasikilize wakizungumza

Hatua hii ndiyo inayofanywa vibaya kuliko zote. Mwandishi humaliza hoja yake yote, kisha akaongeza aya moja kwamba bila shaka watumwa, wenyeji wa asili na wanawake hawakujumuishwa. Aya hiyo haina kazi. Mipaka ya taifa ndiyo iliyolipa umbo, na ilichorwa kwa sheria tangu mwanzo: sheria ya uraia ya Machi 1790 iliruhusu kuomba uraia mgeni aliye huru na mweupe tu, na sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 3,929,214, karibu 700,000 kati yao wakiwa watumwa. Huko New Jersey, ambako wanawake wenye mali waliwahi kupiga kura, sheria iliwaondolea haki hiyo mwaka 1807.

Waliowekwa nje hawakukaa kimya, na mara nyingi waliyachukua maneno ya taifa yaleyale wakayageuzia wenyewe. Benjamin Banneker, mwanaastronomia mweusi aliyekuwa huru huko Maryland, alimwandikia Jefferson mwaka 1791 akimkumbusha maneno aliyoyaandika mwenyewe kuhusu usawa wa binadamu. James Forten, mtengeneza matanga wa Philadelphia, aliandika mwaka 1813 kwamba katika siku za shangwe za umma watu weusi hawakuthubutu kuonekana uwanjani baada ya saa sita mchana. Soma sentensi hiyo pamoja na maelezo ya Hopkinson kuhusu maandamano ya mwaka 1788 katika mji huohuo, na utakuwa na nusu nzima ya insha. Utumwa ulipokoma New York tarehe 4 Julai 1827, watu weusi wa jiji la New York waliandamana tarehe 5, wala si tarehe 4 yenyewe. Miaka kumi kabla, Januari 1817, takribani watu weusi 3,000 walikusanyika katika kanisa la Bethel, Philadelphia, wakaukataa mpango wa kuwahamishia Afrika, na David Walker wa Boston aliandika mwaka 1829 kwamba nchi ile ilikuwa yao zaidi kuliko ilivyokuwa ya weupe, kwa kuwa waliitajirisha kwa damu na machozi.

Wacherokee, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili, walichukua njia nyingine. Mwaka 1827 waliandika katiba yao iliyofuata kwa karibu mfano wa ile ya Philadelphia, na mwaka uliofuata wakaanzisha gazeti lililochapishwa kwa Kiingereza na kwa maandishi ya lugha yao yaliyobuniwa na Sequoyah. Walithibitisha kuwa ni taifa kwa vigezo vilevile ambavyo Wamarekani walivitumia kujithibitisha. Jibu lilikuwa sheria ya kuwahamisha ya mwaka 1830. Anayetaka kujua jamhuri changa ilielewa nini kwa neno "taifa" hana budi kukaa na kisa hiki.

Vitumie vita vya 1812 kwa tahadhari

Insha nyingi hufika mwaka 1815 na kutangaza kwamba taifa limekamilika. Ushahidi upo, lakini upange kwa tarehe. Vita vilianza Juni 1812, na mwezi Agosti 1814 Waingereza waliuchoma mji wa Washington. Mwezi Septemba ngome ya Fort McHenry ilihimili mashambulizi, na Francis Scott Key akaandika shairi lililoimbwa kwa lahani ya klabu moja ya Uingereza, ingawa halikuwa wimbo rasmi wa taifa hadi mwaka 1931. Desemba, Wafederali wa New England walikutana Hartford kuyalalamikia mamlaka ya kati. Mkataba wa amani ulitiwa saini Ghent tarehe 24 Desemba, na Jenerali Andrew Jackson akashinda New Orleans tarehe 8 Januari 1815, kabla habari za mkataba hazijavuka bahari. Wajumbe wa Massachusetts walipofika Washington na madai ya Hartford, habari za ushindi zilikuwa zimewatangulia na za amani zikafika siku zilezile. Walionekana wasaliti, na chama chao hakikuinuka tena. Vita ambavyo havikubadilisha mpaka wowote kati ya nchi hizo mbili viligeuka kuwa ushindi wa taifa kwa sababu ya mpangilio wa habari, na hilo linakurudisha kwenye mikoba ya posta. Miaka mitano baadaye mgogoro wa Missouri kuhusu utumwa ulimfanya Jefferson aandike kwamba umemshtua kama kengele ya moto usiku.

Unapoketi kuandika

Chagua swali jembamba. "Utaifa wa Marekani uliundwaje?" ni swali la maisha yote, lakini "Kwa nini vyama viwili vilisherehekea 4 Julai mahali tofauti katika mji mmoja?" linajibika kwa kurasa kumi. Nyaraka hazina uhaba: Maktaba ya Kongresi na Hifadhi ya Taifa ya Marekani zimeweka barua na magazeti mengi mahali panaposomeka bure.

Jihadhari na ushahidi uliokuja baadaye. Kisa cha Washington mdogo aliyekiri kuukata mti wa mcheri kilitokea katika toleo la mwaka 1806 la kitabu cha Mason Weems, miaka sita na zaidi baada ya Washington kufa. Hakikuambii lolote kuhusu utoto wake, ila kinakuambia mengi kuhusu wasomaji wa mwaka 1806 walitaka baba wa taifa awe mtu wa namna gani. Vivyo hivyo mchoro wa John Trumbull uliowekwa Kapitoli, jengo la Bunge la Marekani, mwaka 1826, ambao wengi hudhani unaonyesha kutiwa saini kwa Azimio, unaonyesha rasimu ikikabidhiwa.

Rasimu yako ikikamilika, ipitie ukitafuta kila sentensi inayoanza na "Wamarekani walihisi" au "Wamarekani waliamini". Ifute, kisha uandike mahali pake ni nani, wa mji gani, wa chama gani na mwaka gani, na kama huna jibu, rudi kwenye magazeti kabla hujaendelea na aya inayofuata.